Kipande Hakikuwa Chao
Wanawake wanne wa rangi nne, na safari ya Pretoria ya mwaka 1956

Wahenga wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akiutazama ukiwa kichwani pa jirani huuona mwepesi, na aghalabu hupita zake. Juma hili twapenda kuwasimulia akina mama na familia zetu habari za wanawake walioutazama mzigo wa wenzao, wakautambua uzito wake, kisha wakatia vichwa vyao chini yake bila ya kushurutishwa na yeyote. Habari hizo ni za Afrika Kusini, na mmoja wa wanawake hao alikuwa Muislamu, Bi Rahima Moosa, ambaye wakati huo alikuwa mja mzito.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1956. Wanawake wapatao 20,000 walipanda hadi Union Buildings, makao ya serikali mjini Pretoria, kumpelekea Waziri Mkuu J. G. Strijdom malalamiko yao kwa maandishi. Waliotangulia mbele walikuwa wanne: Lilian Ngoyi, Mwafrika, Helen Joseph, Mzungu, Rahima Moosa, Mhindi, na Sophia Williams, binti wa jamii ya watu wa damu mchanganyiko. Katika nchi ambayo sheria ilimpangia kila mtu pa kuishi, pa kusoma na hata benchi la kukalia kwa kufuata rangi yake, kule kutembea kwao pamoja kulikuwa tayari ni uasi. Lakini liko jambo ambalo huenda likampita msomaji. Sheria waliyoipinga siku ile ilimlenga mmoja tu kati ya hao wanne.

Kipande, na hofu ya mama

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa maana ya kipande. Zama za ukoloni, mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kutembea nacho, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Afrika Kusini ilikuwa na kipande chake, nacho kilikuwa kitabu kilichoonyesha mwenyewe ni nani, ameajiriwa na nani, na kama ana ruhusa ya kuwapo mjini. Mwafrika aliyekutwa na polisi bila ya kitabu hicho alikamatwa papo hapo, hata kama alikisahau mezani nyumbani kwake.

Kwa miaka mingi adha hiyo iliwaangukia wanaume. Wanawake walikuwa wameiepuka kwa ujasiri wao wenyewe, kwani walipotakiwa kuchukua vipande katika jimbo la Orange Free State mwaka 1913, walikataa na wakakubali kufungwa. Sheria ya mwaka 1952 iliufungua mlango huo upya, na mapema mwaka 1956 maafisa wakafika katika mji mdogo wa Winburg kuwagawia wanawake vitabu. Wanawake wa Winburg walivichoma moto, na kwa hilo wakashtakiwa.

Hofu yao haikuwa ya karatasi. Baba alipokamatwa njiani asirejee usiku, mama alikuwapo nyumbani. Je, mama naye akikamatwa alipotoka kwenda kununua maziwa, ni nani atakayemfungulia mtoto mlango arudipo kutoka shuleni? Mtoto mchanga atanyonya kwa nani? Swali hilo halina rangi, na kila mwanamke aliyelisikia alilielewa. Hata hivyo, kuelewa ni jambo moja, na kuondoka nyumbani kwa ajili yake ni jambo jingine. Helen, Rahima na Sophia hawakutakiwa kuchukua kitabu hicho. Lau wangelisema kwamba hilo si letu, hapana ambaye angeliwalaumu.

Umoja uliotoka katika majeraha

Tusidhani kwamba jamii za Afrika Kusini ziliamka asubuhi moja zikapendana. Umoja wao ulijengwa polepole, na mara moja ulikaribia kuvunjika kabisa.

Mwaka 1946 serikali ilitunga sheria ya kuwazuia Wahindi kumiliki ardhi na kuishi katika maeneo mengi ya miji. Wahindi wa Durban waliipinga kwa kupiga mahema katika ardhi waliyokatazwa na kungoja wakamatwe, bila ya kuinua mkono dhidi ya mtu. Watu wapatao 2,000 walifungwa. Miongoni mwa waliotangulia alikuwa binti Muislamu, Zainab Asvat, mwanafunzi wa udaktari, ambaye aliyaacha masomo yake akaenda kukaa katika mahema hayo, na akavumilia mashambulizi ya wahuni wa Kizungu waliowavamia. Kasisi Mzungu, Michael Scott, alipoyaona hayo hakustahamili kubaki mtazamaji. Alijiunga nao, naye akafungwa. Mwaka uliofuata, Machi 1947, madaktari watatu waliokuwa viongozi wa vyama vyao, yaani A. B. Xuma wa chama cha ANC, G. M. Naicker wa Wahindi wa Natal, na Yusuf Dadoo wa Wahindi wa Transvaal, walitia saini mapatano ya kushirikiana.

Wino wa mapatano hayo haukuzuia balaa. Januari 1949, ugomvi baina ya mwenye duka Mhindi na kijana Mwafrika mjini Durban uligeuka kuwa ghasia za siku kadhaa. Waliouawa walikuwa 142, karibu wote Waafrika na Wahindi, na maelfu waliachwa bila ya makao. Chuki ile ilikuwa na mizizi. Mhindi alinyimwa kura lakini aliruhusiwa duka. Mwafrika alinyimwa vyote viwili, na kila siku alisimama mbele ya kaunta ya yule aliyempita kwa hatua moja tu. Waliotunga sheria hawakuonekana dukani, kwa hivyo hasira ilimwangukia aliyekuwa karibu. Viongozi wa pande zote mbili walitoka pamoja kuwatuliza watu, kisha wakakaa kutafakari. Walikuwa na njia mbili: kila jamii ijifungie ndani ya uwa wake, au waishike kazi ya umoja kwa nguvu zaidi. Walichagua ya pili. Mwaka 1952 Waafrika na Wahindi, pamoja na wachache wa rangi nyingine, walizivunja kwa makusudi sheria za ubaguzi, na zaidi ya watu 8,000 walikamatwa. Bi Amina Cachalia, mwanamke Muislamu aliyekwisha kuanzisha jumuiya ya kuwafundisha wanawake kusoma na kushona, alikuwa miongoni mwa waliokwenda gerezani.

Wanne, na mahali walipojifunzia

Lilian Ngoyi alizaliwa mwaka 1911. Mama yake alikuwa dobi, naye Lilian akawa mshonaji katika kiwanda cha nguo mjini Johannesburg, mjane mwenye watoto wa kulea. Mwaka 1952 aliingia katika posta iliyotengewa Wazungu, akakamatwa. Alikuwa msemaji ambaye hadhira ilimsikiliza kwa kimya, na mwaka 1956 akawa rais wa Shirikisho la Wanawake wa Afrika Kusini.

Helen Joseph alizaliwa Uingereza mwaka 1905. Alisomesha wasichana huko Hyderabad, India, kabla ya kufika Afrika Kusini mwaka 1931. Baadaye aliajiriwa katika mfuko wa matibabu wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na huko ndiko alikouona umaskini ambao Wazungu wenziwe waliishi nao jirani bila ya kuuona.

Rahima Moosa alizaliwa karibu na Cape Town mwaka 1922, yeye na pacha wake Fatima. Akiwa kijana alijitia katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vyakula vya makopo, akafikia kuwa katibu wa tawi. Alipoolewa alihamia Johannesburg, na huko akaendelea na harakati huku akiendesha nyumba na kulea.

Sophia Williams alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Alitoka Port Elizabeth, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na wafanyakazi waliomzidi umri wakamfanya msemaji wao mbele ya wakubwa wa kiwanda.

Msomaji ataona kwamba wote wanne walitokana na mambo ya viwanda na vyama vya wafanyakazi. Hatudhani kwamba hilo lilikuwa bahati nasibu. Kiwandani mtu humjua mwenzake kwa mikono yake: nani huficha kosa la mgonjwa asifukuzwe, nani hugawana chakula, nani hutoboa siri kwa msimamizi. Kuaminiana kulikopatikana huko hakukutokana na hotuba, ndiyo maana hakukuvunjwa kwa hotuba.

Namna kazi ilivyofanywa

Shirikisho lao lilizaliwa Johannesburg tarehe 17 Aprili 1954, na siku hiyohiyo lilipitisha mkataba wa wanawake ulioorodhesha haki walizozidai, za kura, za kazi na za nyumbani. Hawakumtaka mtu aache jamii yake ili aingie. Wanawake wa Kiafrika walikuja kupitia chama chao, Wahindi kupitia chao, Wazungu na watu wa damu mchanganyiko vilevile. Kila mmoja alibaki na nyumba yake, wakakutana uani kwa kazi ya wote.

Oktoba 1955 walifanya safari ya kwanza ya Pretoria, wanawake 2,000. Waziri aliyehusika na mambo ya Waafrika alikataa kuupokea ujumbe wenye watu wa rangi mchanganyiko. Zingatieni neno hilo. Kilichomkera si barua peke yake, bali ni kule kuona mikono ya rangi mbalimbali imeishika barua moja. Lau wangelikubali kujigawa ili wapokewe, huenda wangelisikilizwa dakika tano na kusahauliwa. Hawakujigawa. Walirudi nyumbani wakapanga safari kubwa mara kumi.

Helen na wenzake, Waafrika na Wazungu, waliizunguka nchi kwa gari wakiwahimiza wanawake. Mabasi yalihitaji vibali, na vibali vilinyimwa, kwa hivyo wengi walipanda treni. Wako waliotoka Port Elizabeth na Cape Town, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa nauli walizojikusanyia wenyewe. Siku ya Alhamisi nayo ilikuwa na hekima yake, kwani ndiyo iliyokuwa desturi kuwa siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa nyumbani.

Nusu saa ya kimya

Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku. Basi wanawake wakapanda kilima wawili wawili na watatu watatu, kama watu waendao kwenye shughuli zao, hata uwanja wa Union Buildings ukajaa. Baadhi ya Waafrika walivaa nguo za asili, wengine rangi za kijani, nyeusi na dhahabu za chama chao. Wanawake wa Kihindi walivaa sari nyeupe. Wengi walibeba watoto mgongoni, na wako watumishi wa nyumbani waliokuja na watoto wa Kizungu waliokuwa wakiwalea. Hata watoto wa wenye mamlaka, bila ya kujua, walihudhuria.

Wale wanne walizichukua karatasi zenye saini, rundo juu ya rundo, hadi mlangoni pa ofisi ya Waziri Mkuu. Lilian alibisha. Strijdom hakujitokeza kuwapokea. Wakaziacha karatasi, wakarudi uwanjani kwa wenzao. Ndipo wanawake wote 20,000 waliposimama kimya kwa nusu saa nzima. Anayejua nusu saa ni ndefu kiasi gani kwa mwenye mtoto mgongoni, au kwa mwenye mimba, atalipima jambo hilo ipasavyo. Kimya kilipokwisha waliimba, kisha wakaondoka kwa utulivu kama walivyokuja.

Gharama

Yafaa tuseme ukweli. Siku ile hawakushinda. Vipande viliendelea kugawanywa, na kufikia Februari 1963 vilikuwa lazima kwa kila mwanamke Mwafrika. Sheria za vipande zilifutwa mwaka 1986, miaka 30 baada ya safari ya Pretoria.

Malipo nayo yalikuja upesi. Desemba 1956 serikali iliwakamata watu 156 kwa mashtaka ya uhaini: Waafrika 105, Wazungu 23, Wahindi 21 na watu wa damu mchanganyiko 7. Lilian na Helen walikuwamo. Kesi iliburutwa hadi Machi 1961, na mwishowe wote walioshtakiwa wakawa huru. Baada ya hapo zikaja amri za kuwafunga midomo. Lilian alizuiwa kutoka mtaani kwake Orlando na kuhudhuria mikutano, na kwa miaka mingi akaishi kwa kushona nguo nyumbani. Helen alikuwa mtu wa kwanza katika nchi hiyo kuwekwa chini ya kifungo cha nyumbani, Oktoba 1962, na nyumba yake ikapigwa risasi. Sophia aliishia uhamishoni Zambia. Helen angeliweza kurudi Uingereza wakati wowote. Hakurudi.

Lilian alifariki mwaka 1980. Helen alifariki siku ya Krismasi mwaka 1992, Rahima Mei 1993. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulifanyika Aprili 1994. Katika wale wanne waliobisha mlango ule, Sophia peke yake ndiye aliyeuona. Helen alizikwa mahali pamoja na Lilian katika makaburi ya Avalon, Soweto, wao ambao sheria iliwakataza kuishi mtaa mmoja. Hospitali ya akina mama na watoto mjini Johannesburg yaitwa leo kwa jina la Rahima Moosa. Uwanja uliokuwa na jina la Strijdom, kule Pretoria, sasa ni uwanja wa Lilian Ngoyi. Na tarehe 9 Agosti ni sikukuu ya taifa zima.

Sisi na jirani zetu

Kwetu Waislamu, mwenendo wa wanawake hawa si mgeni. Sira yatueleza kwamba kabla ya utume, Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie, alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an mjini Makka. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Makka, naye hakuwa na ukoo wa kumtetea. Baadhi ya koo za Kikureshi zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, hadi apate haki yake. Baada ya kupewa utume, aliyakumbuka mapatano hayo kwa fahari, akaeleza kwamba lau angeliitwa tena kwa jambo kama hilo katika Uislamu, angeliitika. Waliokula kiapo kile hawakuwa Waislamu. Uadilifu ulitosha kuwakusanya.

Tuyatazame basi ya kwetu. Kwa miaka mingi Waislamu wengi wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki walipokwenda kuomba kitambulisho waliitwa mbele ya kamati, wakaulizwa babu alizaliwa wapi, wakatakiwa karatasi ambazo jirani zao wa majina mengine hawakutakiwa. Waliopitia hayo wanajua uchungu wake. Lakini je, sisi wenyewe tulikuwa wapi Wamakonde wa Kwale walipoishi vizazi kadhaa bila ya kitambulisho chochote? Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, wakifuatana na watetezi wa haki kutoka jamii nyingine, na mwaka huohuo wakaanza kupewa vitambulisho. Mwaka 2023 Wapemba wa Pwani nao, ndugu zetu wavuvi, walitambuliwa kuwa raia. Wale waliofuatana nao walikuwa na vitambulisho mifukoni. Walitembea kwa ajili ya karatasi ambayo wao wenyewe walikuwa nayo.

Kuna kazi kama hizo ndani ya mitaa yetu, na nyingi hazihitaji mwendo wa Pretoria. Mama ajuaye kusoma aweza kumsindikiza jirani asiyejua hadi ofisi ya serikali, wa kabila lake au la. Mwenye nyumba aweza kumtetea mfanyakazi wake wa ndani aliyetoka bara anapodhulumiwa. Kikundi cha akina mama cha akiba kinaweza kumfungulia mlango mjane wa dini nyingine. Na watoto watakaotuona tukifanya hivyo watajifunza jambo ambalo hatuwezi kuwafundisha kwa maneno.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuuona mzigo wa mwenzetu kwa uzito wake, na shingo za kuubeba. Amin.